Mashirika ya ndege, lipeni deni kwanza ndio mje na sadaka

Mhariri,

Barua hii ni ndefu kidogo, mkitaka kupunguza punguzeni, lakini pale pa kiti cha magurudumu naomba msipaguse manake ndipo penyewe.

Mimi nilikata tiketi miaka kumi na minne kwenye ofisi moja ya safari hapa Mombasa, si mbali na Mapembeni, mpaka watu walipoanza kujikatia wenyewe kwa simu na ofisi zetu zikafungwa moja moja. Kwa hivyo ndege nazijua kwa upande wa kaunta, si kwa upande wa rubani. Najua anayetukanwa ndege ikichelewa ni nani (si mkurugenzi), na najua mtu analia vipi akiambiwa tiketi yake ni ya bei nafuu kwa hivyo pesa hazirudi hata kama amefiwa. Haya mambo ya ripoti, zile mashirika ya ndege wanazoandika kujieleza wanavyoijali jamii na mazingira, nimeyajua juzi tu, na nimeyajua kwa hasira.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mwezi wa nane mamangu alikuwa anakwenda Uingereza kumuona dada yangu, yeye ni nesi huko, amejifungua. Mama ana miaka 76 na magoti yake ni ya kuombewa dua, basi mimi mwenyewe nikamwekea kiti cha magurudumu kwenye buking, kazi niliyoifanya mara elfu, nikapiga simu nikaambiwa kipo, siku mbili kabla ya safari nikapiga tena, kipo mama usijali. Shirika silitaji. Kufika Nairobi akashushwa kwenye ndege ya kutoka Mombasa, akawekwa kitini, akasukumwa mpaka pembeni karibu na choo akaambiwa subiri hapa tunarudi. Alikaa pale masaa matatu na nusu. Simu imeisha chaji, maji hana, na choo anakiona kwa macho lakini hawezi kukifikia manake breki za kiti zimefungwa na hajui zinafunguliwaje, na hata angejua, nani wa kumuinua? Aliyekuja kumuokoa ni kijana wa usafi aliyekuwa anapiga deki, akaacha ndoo yake akamsukuma mpaka mlangoni, ndege ikikaribia kufungwa. Kijana mwenyewe akamwambia mama, mimi hii si kazi yangu na supavaiza akiniona nitakatwa.

Nikaandika malalamiko. Nikajibiwa na ile baruapepe isiyopokea majibu, ati maoni yako ni muhimu sana kwetu, na namba ya malalamiko yenye tarakimu kumi na moja. Mpaka leo sijasikia kitu.

Sasa miezi michache baadaye mwanangu ambaye yuko chuo anasomea uhasibu akaniletea kwenye simu ripoti ya shirika lile lile, ile wanayoiita ripoti ya uendelevu na wajibu kwa jamii, walipewa darasani waichambue. Pidiefu nzuri, karibu kurasa mia, picha za twiga na watoto wanacheka. Nikafika ukurasa mmoja nikakwama. Picha kubwa, wakubwa wamevaa fulana za nembo ya shirika wanakabidhi viti vya magurudumu kwenye shule ya watoto wenye ulemavu. Nilihesabu. Viti vitano, wakubwa kumi na wawili.

Nikamwambia mwanangu hebu tafuta humu ndani neno abiria na neno kiti, nioneshe mwaka ule ni abiria wangapi waliomba kiti na wangapi walisahauliwa kama bibi yako. Akatafuta, akabadilisha maneno, akatafuta tena. Hakuna. Kuna idadi ya miche waliyopanda, kuna idadi ya vitabu walivyogawa, mpaka kuna kilo za plastiki walizookota ufuoni. Mamangu hamna.

Mhariri mimi nimelelewa hapa Pwani, na hapa mtoto wa madrasa wa miaka saba anajua tofauti ya wajibu na sadaka. Sadaka unatoa ukipenda, na ukitoa Mungu akulipe. Deni ni deni, na mwenye deni akienda kugawa pilau msikitini na huku mdai wake amekaa barazani anamsubiri, watu watamcheka. Kiti walichopeleka shuleni ni sadaka, ahsanteni. Kiti cha mamangu kilikuwa kwenye tiketi, kimelipiwa, kimethibitishwa mara mbili, hicho ni deni. Na hizi ripoti jina lake zinaitwa za wajibu, lakini ukizifungua ndani ni sadaka tupu.

Mwanangu akanieleza kwamba zina kanuni zake. Mashirika mengi hufuata mwongozo wa GRI, taasisi iliyoanza Marekani mwaka 1997 na sasa iko Amsterdam. Mwongozo wenyewe si mbaya hata kidogo. Kwa mfano unataka useme una waajiriwa wangapi, alafu kipengele kinachofuata kabisa kinataka useme pia watu wanaokufanyia kazi lakini si waajiriwa wako, yaani wale wa kandarasi, kama yule kijana wa ndoo na wale wanaosukuma viti. Nikasema basi hapo ndipo tutampata. Kumbe kuna mlango wa nyuma, kipengele kikikushinda unaruhusiwa kuandika sababu ya kutojibu, na mojawapo ya sababu zinazokubalika ni kwamba taarifa haikupatikana. Haikupatikana! Kampuni inayojua mimi mwaka fulani nilikaa siti ya dirishani na nikala kuku, haijui ni watu wangapi wanaosukuma wazee kwenye milango yake. Na tena mkaguzi wa nje si lazima kwa mwongozo huo, unashauriwa tu umuweke. Hesabu za pesa zingekuwa hivyo nadhani mwanangu angekuwa anasomea kitu kingine.

Kuna mtu atasema hivi vitu havihesabiki. Si kweli. Marekani tangu mwisho wa 2018 wizara yao ya uchukuzi inayalazimisha mashirika makubwa kutoa kila mwezi hesabu ya viti vya magurudumu vya abiria vilivyoharibiwa au kupotezwa, jina la shirika na namba yake hadharani, na mwaka 2023 jumla ilipita elfu 11. Uingereza mamlaka yao ya anga kila mwaka inavipa viwanja vya ndege alama kwa jinsi vinavyohudumia wasiojiweza, na kiwanja kibovu kinaandikwa kibovu. Kwa hivyo kuhesabu kunawezekana, ila huko wamelazimishwa.

Sasa tuje kwenye moshi, manake robo tatu ya hizi ripoti ni moshi na miti. Ndege zinatoa kama asilimia 2.5 ya hewa chafu ya kaboni yote inayotokana na binadamu, na mwaka 2021 mashirika kupitia chama chao cha IATA waliahidi kwamba kufikia 2050 watakuwa wamefika sufuri ya jumla, yaani moshi utakaobaki uwe umefidiwa. Mimi sina ugomvi na ahadi. Ugomvi wangu ni hesabu inavyoandikwa. Wanapenda sana kusema tumepunguza mafuta kwa kila abiria kwa kila kilomita. Ni kama mwenye matatu akwambie gari langu siku hizi linakula dizeli kidogo kwa kila abiria, na ni kweli kabisa, kabana viti vikaongezeka, lakini mwaka juzi alikuwa na matatu tatu na leo ana kumi na tano, sasa wewe unayeuza mahamri pale stejini utapumua nini? Mwaka 2020 mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku tangazo la namna hiyo la Ryanair, la kujiita shirika la moshi mdogo kuliko wote wakubwa Ulaya bila ushahidi wa kutosha.

Alafu kesi ya KLM, hii ningependa kila mtu aisome manake KLM si mgeni kwetu, ndio walionunua asilimia 26 ya Kenya Airways ilipobinafsishwa mwaka 1996 na mpaka juzi walikuwa bado wana kipande. Kikundi cha raia Uholanzi kinachoitwa Fossielvrij kikawapeleka mahakamani kwa matangazo yao ya kuruka kwa uwajibikaji. Tarehe 20 Machi 2024 mahakama ya Amsterdam ikasema katika madai 19 iliyoyaangalia, 15 yalikuwa yanapotosha. Yaani KLM walikuwa wanakwambia ongeza pesa kidogo tupande miti, au uchangie mafuta ya kijani (yale yasiyotokana na petroli), na wewe unaondoka na hisia kwamba safari yako imesafishika, mahakama ikasema hapana, mnachora picha nzuri kupita ukweli. Na mwishoni mwa 2025 mashirika 21 yanayoruka Ulaya yakakubaliana na Tume ya Ulaya kuacha kumwambia abiria kwamba mchango wake unaweza kufuta moshi wa safari yake. Ishirini na moja! Si mtoto mtundu mmoja darasani, ni darasa.

Na hayo mafuta ya kijani, nisiwanyime haki yao, KQ, yaani Kenya Airways, tarehe 25 Mei 2023 walirusha ndege kutoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta hayo kutoka kwa Eni wa Italia, na Eni hao hao wana kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni, wakulima wanapandishwa mbarika. Sisi utotoni mafuta ya mbarika tuliyajua kwa kunyweshwa kwa nguvu tumbo likifunga, leo yanapelekwa angani, dunia hii. Ni jambo zuri. Lakini kwa hesabu ya IATA wenyewe mwaka 2024 mafuta ya aina hiyo yalikuwa kama asilimia 0.3 tu ya mafuta yote ya ndege duniani. Sasa kitu cha asilimia 0.3 mbona ripotini kina kurasa nane na picha ya rubani?

Ninayoijua kwa karibu zaidi ni ya Kasigau, kwa sababu upande wa mama sisi ni Wataita na nina mjomba Maungu, pale barabara kuu ya Nairobi. Msitu ule ulio katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa aina yake kupewa vyeti vya kuuza kaboni (msitu haukatwi, na moshi uliozuiwa unauzwa kwa anayetaka kufidia wake) kwa mfumo wa kimataifa wa VCS, mwaka 2011, na mwaka huo huo Kenya Airways wakaanza mpango wa abiria kulipia moshi wao, pesa ziende Kasigau. Sisi kwenye kaunta tuliambiwa tuwaeleze wateja. Nilieleza, nikajisifu kabisa, nikasema huko ni kwetu. Na pesa za kaboni hazikuwa hewa, mjomba atakuonyesha tangi la maji na watoto waliosomeshwa kwa basari, na wakati huo huo atakuonyesha shamba lililokanyagwa na ndovu.

Alafu Novemba 2023 shirika la SOMO la Uholanzi na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, wakatoa ripoti. Wanawake wa huko, wafanyakazi na wake wa wafanyakazi, walidai kwamba kwa zaidi ya miaka kumi baadhi ya wakubwa wa mradi walikuwa wanawadhulumu kingono, toa mwili upate kazi, toa mwili upandishwe cheo. Kampuni inayoendesha mradi, Wildlife Works, iliomba radhi. Sisemi mashirika ya ndege yalijua. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe, hawakujua na hawakuwa na njia ya kujua, manake walichokuwa wanakihesabu ni tani za kaboni, na mwanamke wa Maungu hapimwi kwa tani. Miaka yote ile kila aliyenunua vyeti vile aliweza kuandika kwenye ripoti yake kwamba anasaidia jamii ya Taita Taveta, na maneno yale yalikuwa ya kweli. Kutaja tu kusaidia, bila kuuliza unayemsaidia ana hali gani, ndio ugonjwa ninaousema.

Mjomba nilipompigia kumuuliza hakushangaa. Akasema nyinyi wa mjini ndio mnasoma kwenye karatasi.

Na kuna habari ya tumbili, hii nayo iko hadharani. Tarehe 21 Januari 2022 lori lilipata ajali Pennsylvania huko Marekani, ndani lina tumbili mia moja waliotoka Mauritius kwenda kufanyiwa utafiti wa maabara, wachache wakatoroka kwenye theluji, polisi wakawaambia watu wasiwasogelee. Waliowafikisha New York ni ndege ya KQ. Siku chache baadaye KQ wakasema mkataba wao wa kubeba tumbili ukiisha mwezi wa pili hawataurefusha, na kweli. Nawapongeza kwa kuamua haraka. Biashara ilikuwa halali, tusiwasingizie, na KQ hao hao walitia saini mwaka 2016 tamko la Buckingham Palace la kupinga magendo ya wanyamapori. Lakini mimi niliyekuwa nauza tiketi zao kwa miaka, nilikuja kujua ndege zetu hubeba tumbili kwa ajali ya lori kwenye nchi nyingine. Lori lile lingefika salama je?

Nataja KQ sana kwa sababu ni yetu, karibu nusu ya hisa ni za serikali, madeni yake yamebebwa na mlipa kodi, na ilipopata faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, mimi nilifurahi kama timu yangu imeshinda. Shirika la mamangu silitaji na sitalitaja, wala msijaribu kubahatisha. Maneno haya yanayahusu yote yanayotua hapa, ya kwetu na ya wageni.

Nataka nini basi? Nataka kila ripoti, kabla ya picha ya kwanza ya mtu kashika jembe, iwe na ukurasa mmoja wa madeni. Abiria wangapi waliomba msaada wa kutembea, wangapi walisubiri zaidi ya nusu saa, wangapi waliachwa na ndege. Kwa sheria ya Ulaya ya 2004 abiria wa safari ndefu akicheleweshwa sana kwa kosa la shirika anaweza kudai hadi euro 600, sawa, semeni wangapi walidai, wangapi mkawalipa, wangapi mkawachosha mpaka wakaacha. Wafanyakazi wa kandarasi idadi yao na kima cha chini wanacholipwa. Moshi wote kwa jumla, tani, mwaka huu na miaka mitano nyuma, bila kugawanya kwa abiria, na mseme wazi kwamba ule mpango wa dunia wa kufidia moshi wa ndege, CORSIA, unahesabu safari za kimataifa tu, kwa hivyo Mombasa-Nairobi haimo. Na ahadi ya mwaka jana ikae pembeni ya kilichofanyika mwaka huu, mstari kwa mstari, hata kama kilichofanyika ni sufuri. Ikiwezekana ukurasa huo uandikwe Kiswahili, manake mjomba wa Maungu anatajwa kwenye ripoti ambazo hawezi kuzisoma.

Nilimuonesha mwanangu hii orodha akacheka akasema mama, hakuna shirika litakaloandika hivyo kwa hiari yake. Najua. Ndio maana sikuwaandikia wao, nimekuandikia wewe Mhariri, na natumai kuna mtu wa mamlaka ya anga au wa soko la hisa anasoma gazeti hili asubuhi na chai yake. Soko la hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa hizi ripoti tangu Novemba 2021, kwa hivyo karatasi ya kuongezea ukurasa mmoja wanayo.

Namba yangu ya malalamiko, zile tarakimu kumi na moja, ninayo bado. Mama naye ameshakata shauri, dada akitaka kumuona aje yeye na mtoto, na akija, kiti cha magurudumu asiombe, atembee.

Mkata tiketi wa zamani,
Mombasa